Chachu, Si Uchafu

Aruna, uliangalia kando. Wewe ndiye mkalimani, na ulinyamaza!

Mzungu anajisifu amesoma shule kubwa ya pombe kwao, miaka minne. Miaka minne kusomea pombe! Akamuuliza mama Bukuru ni nini kinachofanya pombe yake ya ndizi ichemke bila moto. Mama akaupiga kofi ule muvure wake, hori la kukamulia ndizi: "Chachu iko humu, mu mbao. Siuoshi kamwe."

Chachu, Aruna. Mzungu akasikia uchafu.

"Uchafu? Tangu lini?"

"Tangu bibi yangu, bwana." Mama naye alisikia chachu, akajibu kwa fahari. Kwa fahari! Na wewe ukakohoa tu.

Sasa askari wanakusanya kuni. Mivure yote ya hapa Kizuka itachomwa alasiri, eti kwa afya ya watu. Sijasahau mitumbwi ya Magara: nayo ilichomwa kwa afya, tukakaa miaka miwili bila kuvua. Muvure ule ukiungua, mama hana chachu, na bila chachu hana kazi.

Bado anatabasamu. Anadhani kuni ni za kuwapikia wageni.

Acha chai yako. Nenda kwa mzungu sasa hivi, umwambie alisikia vibaya!