Mkazo wa Silabi ya Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Mafunzo asubuhi nzima, sisi wapokea simu wa kampuni ya bima. Msimamizi wetu, kalamu mkononi, anagonga meza: Kiswahili mkazo wake unajulikana ulipo, silabi ya pili kutoka mwisho, basi. Kiingereza kinahamahama. Akaandika ubaoni: in-va-lid. Ukikaza IN, ni mgonjwa asiyejiweza. Ukikaza VA, ni kitu batili. Herufi zilezile. Wenzangu wakacheka. Mimi nikakumbuka simu moja.

Alhamisi iliyopita nilipokea simu ya mzee mmoja mgeni, anayeongea Kiingereza. Anamwombea mkewe kitanda cha hospitali, kiwekwe nyumbani, bima ilipe; mkewe, akasema, ni “invalid”. Nikajaza kwenye faili: “Mteja anakiri bima ya mkewe ni batili.”

Jumanne, 4 Machi

Nimesikiliza rekodi ya simu ile mara tano. IN. Kila mara IN. Alisema mkewe hajiwezi, basi. Na barua ya kumkatalia ilishatoka Ijumaa.

Jumatano, 5 Machi

Nimemwambia Msimamizi. Akaurudishia mlango taratibu. Eti rekodi hufutwa zenyewe baada ya siku saba — ya mzee ni kesho saa kumi na moja jioni. Nikae kimya tu mpaka hapo. Faili alilipitisha yeye, kwa hiyo nikifungua mdomo tunatoka wote wawili.

“Na shangazi yako aliyekuombea kazi, utamtazama vipi?”



Shangazi kaniuliza mbona sili. Nimesema kichwa. Kaniwekea chakula, kafunika. Anajivunia mimi mpaka kwa majirani. Nitaanzia wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Saa kumi na nusu. Naandika hapahapa kwenye meza yangu, nyuma ya ule ubao wa kututenganisha. Mzee amepiga, na simu imeangukia kwangu. Anamgeuza mkewe peke yake, usiku na mchana. Mgongo umeanza vidonda. Anaongea polepole, anakatakata maneno silabi kwa silabi. Anataka kujua ni neno gani alilitamka vibaya.

Anadhani kosa ni lake.

Nimemwomba asubiri. Taa yake inawaka kwenye simu. Msimamizi ameniona, ananipungia mkono: kata. Sijakata. Rekodi nimeshaiingiza kwenye faili la mzee isifutike, pamoja na jina langu kama mwenye kosa. Msimamizi bado hajajua. Anavua miwani, anakuja huku