Mawe ya Ngazidja

Uyole, Mbeya

Dada yangu mpendwa Tekla,

Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Ilula, na shemeji Liberatus mgongo wake umepata nafuu. Mimi ni mzima wa mwili. Nyumba iko kimya.

Uliniuliza kwa nini makala yangu na Habibu, mwenzangu wa maabara, imekwama. Tulitaka kujua iwapo miamba ya volkano ya kisiwa cha Ngazidja na ile ya Rungwe ina chimbuko moja, chini kabisa ya gamba la dunia. Jibu hupatikana kwa kupima aina za madini ya risasi zilizomo ndani ya jiwe. Kwa macho matupu, mawe yote ni meusi tu. Nilirudi kutoka kisiwani na gunia la mawe, nikaliweka barazani nikisubiri zamu yetu ya mashine. Majirani walinitania kwamba wenzangu wakienda visiwani hurudi na karafuu. Pale tulipoyachukua pamekwisha kujengewa ukuta, mengine hayapatikani.

Mwezi uliopita, nikiwa kazini, mama mkwe alikuja kutoka Tukuyu akaondoka na gunia. Nilipompigia simu alinishukuru kwa furaha: mawe yalitosha kuzungushia kaburi la Tusekile. Alisema alikuwa akijiuliza ni lini nitamletea mke wangu kitu. Kumbe, akasema, nimeleta, ila naona haya kusema.

Unajua kwamba tangu mazishi sikuwahi kukanyaga pale kaburini Tukuyu. Nilikwenda Jumamosi, na lenzi na mfuko mtupu. Alikuwa ameyachanganya na mawe ya Rungwe. Ya kisiwani, ukiyatazama kwa lenzi, yana chembe kubwa za kijani, kwa hiyo nilipiga magoti nikaanza kuyakagua moja moja. Nyuma yangu nilimsikia mama mkwe akiwafukuza watoto, akiwaambia wamwache baba wa watu alie. Amechelewa, akasema, lakini amefika.

Sikuwa nalia, dada. Nilikuwa kazini. Nililitambua la kwanza, nikaling'oa, likaacha pengo upande wa kichwani. Nikalirudisha. Baada ya hapo lenzi haikunifaa kitu, kwa sababu sikuwa naona.

Habibu nimemweleza kwamba mawe yapo, mahali yalipo napajua, na sitayachukua. Hakunielewa. Ataandika juu ya Rungwe peke yake, bila jina langu.

Nisalimie shemeji na wanajumuiya wote. Ukipata nafasi, Jumapili moja tufuatane Tukuyu. Sijui mtu akifika pale husema nini.

Mdogo wako,
Aroni Kalinga