Jina la Mjukuu Wangu Limenishinda

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba usinicheke, maana nimeshachekwa mara moja na kicheko hicho ndicho kilichonifikisha hapa.

Mimi ni fundi cherehani niliyestaafu, sasa nafuma midoli midogo kwa sindano ya kroshia, twiga, kobe, tembo wa kuenea kiganjani, naijaza pamba na kumtumia mjukuu wangu wa pekee aliye mbali, mtoto wa kijana wangu, ana miaka sita na sijawahi kumshika hata kidole. Mkwe wangu ni mtu wa huko huko na mtoto akapewa jina la kwao, jina refu lenye herufi zilizorundikana bila nafasi ya kupumulia, na siku alipozaliwa walipiga simu, nikalijaribu kwa furaha yangu yote, chumba kizima kule kikaangua kicheko, sidhani walikuwa na ubaya, lakini mwanangu akaniambia, "Mama, acha tu, wewe mwite mtoto." Mshauri, hapo ndipo niliposikia uchungu, mwanangu niliyemfundisha mimi kusema maji na kusema mama, ndiye ananiambia niache.

Nikaacha. Tangu siku hiyo simu ikilia nadaka kazi yangu haraka, namwachia mzee wangu aongee, na wakiniulizia napaza sauti kutoka kwenye kiti kwamba nahesabu vitanzi, nikikatishwa nitapotea na itabidi nifumue, nao wanaamini kwa kuwa kweli midoli ni hesabu, mzunguko huu vitanzi sita, unaofuata kumi na viwili, unaofuata kumi na vinane. Mzee wangu yeye analitaja jina hilo vibaya kabisa, kama mtu mwenye uji wa moto mdomoni, na mtoto anacheka naye mpaka naona wivu, naapa naona wivu kwa mume wangu mwenyewe. Nimeliandika kwenye karatasi nikaibandika nyuma ya mlango wa bafu, najifunza peke yangu huku maji yakimwagika nisisikike, na kila siku linakwama palepale katikati.

Sasa sikia kilichonivunja. Mwezi uliopita nilimtumia ng'ombe mweupe mwenye mabaka, mwanangu akamrekodi mtoto akijaribu kumtaja, "gombe," anasema, "nigombe," anacheka, anaanza upya, dakika mbili nzima hakati tamaa, halafu mwishoni anauliza kitu kwa lugha ya mama yake na baba yake anatafsiri, "Anauliza kwa nini bibi hamwiti jina lake. Anauliza kama unalijua." Nimeusikiliza ujumbe huo mpaka mzee akanificha simu. Nampenda yule mtoto, mshauri, kimo chake nakijua kwa picha tu, nikifuma namwaza, nikifumua namwaza, natamani nimwite mara moja ageuke anitazame, na jina lake sijalitamka mbele ya mtu kwa miaka sita.

Wanakuja mwezi ujao, siku nane tu basi. Nimefikiria nikimbilie kwa dada yangu nisingizie anaumwa, niwaachie midoli mezani. Mzee anasema nikithubutu atawaambia ukweli wote. Nifanye nini, na uso huu nitauficha wapi?

Mimi, Bibi wa Vitanzi

Mshauri anajibu:

Bibi wa Vitanzi, pole, na pole yangu ni ya kweli. Kuchekwa siku ya furaha yako ni jambo linalokaa rohoni. Mwanao naye alikosea, alitaka kukupunguzia aibu akakuongezea. Akija mwambie hivyo ana kwa ana, mara moja tu, kisha yaishe.

Sasa nikukaripie. Mimi pia nafuma, mama. Kila mfumaji huweka kipande cha uzi wa rangi nyingine mwanzoni mwa mzunguko, ili akiitwa jikoni au mlangoni akirudi ajue alipoishia. Wewe, fundi wa miaka yote hiyo, umekosa kipande cha uzi mwekundu? Mwanao unaweza kumdanganya kwa hesabu za vitanzi, mimi usinijaribu. Njia ya mwongo ni fupi, na yako inaishia mwezi ujao wageni wakibisha hodi.

Hebu tazama mambo yalivyo ndani ya nyumba yako. Mzee analiharibu jina kila wiki na ndiye anayepata vicheko vyote. Wewe unangoja ulipatie kwanza, matokeo yake mazungumzo yako yote ni na mlango wa bafu. Na mtoto aliposema "gombe", wewe ulimcheka? Ulimwona mjinga? Ulimsikiliza mpaka ukafichiwa simu. Basi ujue na yeye angekusikiliza hivyo hivyo, ungempa nafasi.

Kwa dada yako huendi. Mtoto hasafiri mwendo wote huo kuja kupokelewa na kobe wa pamba.

Wala usingoje wafike. Piga simu wewe, wiki hii, mchana mtoto akiwa macho. Sindano weka chumba kingine kabisa. Omba upewe mjukuu wako, litaje jina lake mpaka pale linapokwama, kisha nyamaza. Usiombe radhi, usimkabidhi mzee simu. Ngoja tu. Mwenye jina atakumalizia, utarudia, mtacheka, na safari hii utacheka na wewe. Akichoka kukufundisha, mfundishe na wewe kutamka "ng'ombe", polepole, mara nyingi kadiri atakavyo. Wakifika uwanjani au kituoni, wewe ndiye utakayetangulia mbele, mzee abebe mizigo.

Ile karatasi ya bafuni ibandue leo. Mtoto ameuliza kama bibi yake analijua jina lake, na mpaka sasa hajajibiwa.