Rafiki Aliyenisemea

Kabula mjukuu wangu,

Mwangaluka, mwanawane, nakusalimu kwa Kisukuma chetu. Huku Zagayu tumevuna pamba, na mama yako mdogo amejifungua mapacha. Usingizi hatuupati, lakini kutwa tunacheka.

Umeniuliza kwenye barua yako: rafiki yako wa bwenini anajiumiza, na wengine wameanza kumwiga. Je, ukimwambia mwalimu utakuwa umemsaliti?

Nikwambie jambo. Nilipokuwa na umri wako, aliyekuwa akijiumiza ni mimi. Wenzangu wawili wakanifuata, tukaona kuumia pamoja ndiyo urafiki. Minza, jirani yangu wa kitanda, alikataa. Akaniambia usoni, "Naenda kwa matroni. Nichukie ukitaka, ila uwe hai."

Nilimchukia kweli. Matroni hakunigombeza, alinisikiliza, akanipeleka kwa muuguzi, akawaita wazazi wangu. Minza naye hakuniacha. Jioni moja alinivuta kwenye mazoezi ya ngoma, akajikwaa, akakaa chini puu mbele ya wasichana wote. Nilicheka mpaka machozi. Wale wawili nao wakacheka, na kesho yake wakaja kucheza. Ndipo nikaona kwamba hata katika furaha watu huigana.

Basi mwambie leo mwalimu unayemwamini, usibebe peke yako. Kisha kaa na rafiki yako, hata akinuna. Mimi nilinuna karibu muhula mzima, na siku ya harusi yangu ni Minza niliyemwomba asimame nami.

Bibi yako akupendaye,
Nkwimba