Kondensa Nzima Iko Mfukoni Mwangu

Mshauri wetu, nisikilize mpaka mwisho kabla hujanihukumu, kwani katika kesi hii mimi ndiye mshtaki na mimi ndiye mshtakiwa. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu. Majukwaani nimewatikisa wakubwa nikidai ukweli usemwe hadharani, na nyumbani, kwa wiki tatu sasa, nimekuwa mwongo.

Baba yangu, mkereza vyuma mstaafu, alilichukua gari dogo la spoti, la viti viwili, lisilo na paa, likiwa gamba tupu lililoliwa na kutu, akalifufua kwa miaka ishirini na sita, nami nilizijua namba kwenye spana kabla sijazijua kwenye daftari, na mpaka leo nikianza kuhutubia ananikatiza, "Mheshimiwa, acha hotuba, shika spana," huku Mama, anayeliita gari hilo mke mwenzake, akimpokea mlangoni, "Umetoka kwake? Basi akupikie."

Sasa macho ya Baba yamefifia, naye hakubali. Jumapili moja alimkosakosa mama mmoja wa baiskeli, akafoka, "Huyu katokea wapi?" Hakutokea popote, mshauri, alikuwa mbele yetu waziwazi muda wote! Nilishindwa kumwambia. Kesho yake niliifungua kondensa, kile kidude kidogo kinachoipa cheche nguvu, nikafunga nyingine iliyokufa, nikijua kwamba kwa macho hazitofautiani na kwamba hataishuku, kwa kuwa aliifunga mpya mwenyewe mwezi uliopita. Aliyenifundisha hayo yote ni yeye.

Tangu hapo ameshusha kabureta, ameosha tangi, amebadilisha plagi, gari haliwaki. Juzi aliketi juu ya ndoo, akatazama viganja vyake: "Mwanangu, mikono imenisahau. Jumamosi kuna mtu anakuja kulinunua."

Nikisema, atarudi barabarani na huenda akaua mtu; nikinyamaza, ataliuza akiamini ufundi umemtoka. Leseni ninayo, ila usukani wa gari hilo sijawahi kupewa. Je, uongo unaookoa maisha nao ni dhuluma?

Mheshimiwa wa Gereji

*

Mheshimiwa,

Ndiyo, ni dhuluma. Hotuba umeshaitoa, sasa shika spana.

Hofu yako naielewa. Aliyemwona mama wa baiskeli akiponea chupuchupu hana haki ya kukaa bure. Lakini wewe uliogopa sentensi moja, "Baba, huoni vizuri," ukaona heri umnyang'anye mikono. Macho yamefifia yenyewe. Mikono umeiua wewe. Na usinijie na habari za kuokoa maisha: akinunua gari jingine mwezi ujao, nalo utalitia ugonjwa? Mkuu wa chuo angewafanyia wanafunzi hila kama hii, ungekuwa umeshaitisha maandamano.

Usingoje Jumamosi. Leo hii, akiwa gerejini, weka kondensa nzima kiganjani mwake, umweleze ulichofanya na ulichokiona barabarani. Maneno machache. Atafoka, mwache afoke, usijitetee, usimtajie takwimu. Mama yako awepo, maana yeye anamfahamu huyo mke mwenzake kuliko unavyodhani. Wiki hii mpelekeni kwa daktari wa macho, na mpaka daktari aseme, Baba hashiki usukani. Hapo usilegee, hata akikuita msaliti. Akitaka kuuza gari baada ya kuujua ukweli, auze, ni lake.

Unasema hujawahi kupewa usukani. Umewahi kuuomba? Unayedai kila kitu kwa kipaza sauti, hicho kimoja hukukidai.

Kondensa aifunge yeye, kwa mikono ile ile. Injini ikiwaka, usiseme neno. Mwache aisikilize mpaka atosheke. Kisha nyoosha mkono, uombe ufunguo.