Nafasi Yangu Kwenye Picha ya Kufungua Shule

Jumatatu, 19 Januari. Mwaka mmoja na miezi minne tangu nitoke nyumbani, Kwedizinga.

Joto la leo halina upepo. Hata majani ya mkonge, ambayo huwa yanasuguana mchana kutwa, yametulia kama yanasikiliza. Nimekata mafungu machache kuliko kawaida yangu na nyapara kaniuliza kama naumwa.

Siumwi. Naogopa.

Niandike kwa mpangilio, maana kichwani hayakai.

Kwetu mtu akiwa mbali nafasi yake haizibwi. Wakati wa kula wanaacha mkekani pa kukaa mtu mmoja. Kwenye picha vilevile. Ni aliyekufa tu ndiye watu husogea wakaziba pengo lake. Mama yangu ndiye anayeshikilia sana jambo hili, na mke wangu Zaina amemfuata.

Kila shule zinapofunguliwa Zaina huwapiga watoto picha mlangoni kabla hawajatoka. Ni wawili tu, Hamza wa darasa la sita na mdogo wake Mwanaidi. Januari ya mwaka jana Mwanaidi alikuwa anaanza darasa la kwanza, na nilikuwa nimemwahidi kwamba siku hiyo nitamshika mkono. Sikwenda, kazi ilinibana. Nikatumiwa picha. Hamza upande mmoja na jembe la shule, Mwanaidi upande wa pili na fagio lake, katikati wameacha upana wa mwili wangu. Iliniuma, lakini ilinipa moyo pia. Pale katikati palikuwa pangu.

Jana Jumapili nilitembea hadi Kwamndolwa kutafuta mtandao, maana hapa kambini simu ni ya kuwashia tochi tu. Picha ya mwaka huu ikaingia. Ilipigwa Jumanne iliyopita.

Wamesimama bega kwa bega.

Nilikaa chini pale pale kando ya barabara. Kisha nikampigia Zaina, na bila hata salamu nikamuuliza nani kawaambia nimekufa.

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Akasema alitaka nafasi iachwe kama kawaida, na Hamza alishasogea, lakini Mwanaidi akamvuta kaka yake arudi. Kasema hakuna haja ya pengo, baba amekuja, amesimama nyuma yao. Hamza akamtania kwamba basi baba amekonda sana huko kwenye mkonge, mpaka anaenea nyuma ya fagio. Mtoto hakucheka. Akatazama simu, akatulia, picha ikapigwa.

"Baba Hamza," Zaina akaniuliza, "wewe uko wapi hasa?"

"Korogwe. Wapi tena?"

"Basi anayemsindikiza mwanao shule ni nani?"

Akanieleza yote. Tangu kabla shule hazijafungwa Desemba, Mwanaidi anasema kila asubuhi baba anampeleka mpaka korongoni, halafu anageuza. Hasemi neno njiani. Hamza anatembea na mdogo wake njia hiyo hiyo na haoni mtu, ila siku hizi anatangulia mbele. Hataki kutembea nyuma yao.

Nikasema watoto wana mambo. Zaina akashusha sauti.

"Anasema jicho lako la kushoto halifunguki. Umeumia?"

Nikaomba niongee na mama.

Hili sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani, na hata hapa sijawahi kuliandika. Ukikata mkonge, kwanza unaondoa miiba ya nchani, ndipo unainama kuingia shinani. Mimi ndiye ninayewafundisha wageni hivyo. Siku moja mwezi wa Agosti mwaka jana nilikuwa na haraka, nikainama kwanza. Jani likanirudia. Tangu siku hiyo jicho la kushoto limefumba, na nikililazimisha kufunguka naona ukungu mweupe tu.

Ndiyo sababu tangu hapo siendi nyumbani. Si kazi, wala si nyapara. Kutoka hapa hadi kwetu ni safari ya asubuhi moja, na mimi nimekaa kama mtu aliyevuka bahari, kwa kuwa sitaki mwanangu auogope uso wangu.

Kumbe ameshauona, na hauogopi.

Nimejaribu kutafuta maelezo. Mwezi wa Novemba nilimwona jirani yetu mmoja hapa stendi ya Korogwe nikajificha nyuma ya basi. Labda yeye ndiye aliyeniona kwanza, akapeleka habari, mtoto akasikia. Natamani iwe hivyo. Lakini nimeikuza ile picha kwenye kioo changu chenye ufa. Nyuma yao mlango uko wazi na ndani ni giza, hakuna mtu. Ila shati la Mwanaidi, jeupe, jipya, limenyooshwa pasi vizuri, limebonyea kwenye bega moja. Limekunjamana pale kama limewekewa mkono mzito.

Nilimwonyesha mwenzangu wa chumba, Ruben, mtu wa Kigoma. Akasema bora mimi, nina mwili wa akiba, mmoja unakata mkonge na mwingine unalea watoto. Tukacheka wote wawili. Kisha akanirudishia simu haraka, akalivuta godoro lake mpaka karibu na mlango.

Narudi kwenye ile simu ya jana. Kabla haijakatika mama yangu aliichukua. Nikamwamkia, akaitikia. Akasema yeye haoni kitu, na mtoto hamkatazi, maana ukimkataza ataanza kuficha. Kinachomtisha ni salamu. Kila asubuhi Mwanaidi anasimama mlangoni, anainua uso mpaka urefu wa mtu mzima, anasema shikamoo baba. Anasubiri. Haitikiwi. Anaondoka hivyo hivyo, na siku hizi hasubiri sana kama mwanzo.

"Anazoea baba asiyeitikia," mama akasema. "Akishazoea kabisa, wewe ukija atakuona mgeni. Njoo umwitikie, mwanangu, ungali na sauti."

Ungali na sauti. Nimekata mkonge na maneno hayo leo kutwa.

Nikisema kweli, yule wa mlangoni siye anayeniogopesha zaidi. Kinachoniogopesha ni kwamba anaifanya kazi niliyoahidi kuifanya mimi. Anawahi kuamka. Anamfikisha mtoto korongoni. Hakosi siku. Kati yetu wawili, asiyeonekana ni mimi.

Sijui mtoto wa miaka minane anamsahau mtu hai kwa muda gani. Mimi baba yangu alipokwenda Mombo kuchoma mkaa nilimsahau sauti kabla ya mwaka kwisha, na aliporudi nilijificha uvunguni, nikakataa kutoka mpaka alipoondoka kwenda msikitini. Hakunigombeza. Sasa najua alijisikiaje.

Mchana nimemwomba nyapara ruhusa. Akauliza kuna nini, nikasema namsindikiza mwanangu shule. Akasema shule zimefunguliwa tangu wiki iliyopita, unamsindikiza kwenda wapi tena? Nikamwambia najua, nimechelewa. Akanitazama usoni, upande wa lile jicho, muda mrefu kuliko anavyonitazamaga. Akanipa siku nne.

Nitamwomba Zaina atupige picha nyingine, watoto na sare zao, hata kama wiki imepita na shati limeshachafuka. Nitasimama nyuma yao, au katikati, popote Mwanaidi atakaponionyesha. Najiuliza tu atakaposema shikamoo atakuwa ananitazama mimi au anatazama pembeni yangu. Vyovyote itakavyokuwa nitaitikia marahaba, kwa sauti, mpaka anisikie.

Natoka Korogwe keshokutwa mchana. Jumatano jioni, inshallah, niko Kwedizinga.