Samaki wa Zamani Alivyompigisha Mamba Magoti

Jumamosi jioni, Kashikishi. Upepo wa ziwa umevuma tangu asubuhi, vumbi limeingia mpaka ndani ya meno, na mimi niko na furaha ya kupasuka. Sauti imenikauka kwa vigelegele. Acha niandike kabla usingizi haujanibeba.

Leo tumemwingiza mudogo wangu, jina lake Mujinga, kwa bwana yake. Na ameingia kichwa juu!

Asiyejua mambo ya huku atauliza, sasa ajabu iko wapi? Sisi ni ukoo wa Samaki. Bwana-arusi ni wa ukoo wa Mamba. Kando ya ziwa hili, upande wa Kongo na upande wa Zambia, koo hizi zinataniana tangu zamani za mababu, na anayekasirika ndiye mjinga. Utani wenyewe ni uleule: mamba anakula samaki, basi, funga kinywa. Kwa hiyo bibi-arusi wetu akifika kwa Mamba, wanamkingia kitenge mlangoni, apite chini yake ameinama kama kuku anayeingia kibandani, bila neno.

Yaya wetu mukubwa, dada wa kwanza, aliingia hivyo kwa Mamba wengine. Ni mchezo tu, walisema. Mpaka leo anaomba ruhusa hata ya kusalimia batu.

Jana nikimsuka, Mujinga aliniambia, "Yaya, miye sitaki kuinama. Nikianza hivyo, nitamaliza hivyo." Nikamwapia kwamba hatainama.

Silaha yangu ilikuwa video. Nakiri: nikisuka nywele sokoni naegemeza simu kwenye kopo la mafuta, natazama wanyama wa kale wakipiganishwa, wa enzi hii na wa enzi ile, ambao Mungu hakuwahi kuwakutanisha. Wateja wananicheka kwamba namaliza mega za simu bure. Wacheke.

Tulipofika, Ba Chanda, mama mukubwa wa bwana-arusi, mwanamke wa mwili na sauti, alikuwa tayari mlangoni, kitenge amekishusha chini kabisa. "Mwebantu, jamani, samaki amekuja mwenyewe! Inama, mutoto, tukumeze polepole!"

Nikatoka mbele. Nikawaeleza habari za samaki mmoja wa kale, jina lake siwezi kulitamka hata kwa kuchapwa. Kichwa chote mfupa. Meno hana, ana visu vya mfupa mdomoni. Huyo akikutana na mamba wenu, nikasema, mamba ni kitoweo. Upande wetu ukalia vigelegele.

Ba Chanda hakutikisika. Kumbe naye anatazama video!

"Awe, hapana! Unaleta samaki wa kale umupiganishe na mamba wa leo? Mamba wa kale alikuwa murefu sawa basi ya Lusaka, alikuwa anakula madinosaria. Samaki yako ni mboga!"

Na ni kweli. Huyo mamba namjua, nimemtazama akishinda mara nyingi, na kwa uzito samaki wangu hamwezi. Mujinga alikuwa amenikamata kiwiko kwa nguvu. Mikono ya kina Mamba ilikuwa imeshafika begani kwake, inamsukuma chini.

Donc, basi, nikauliza: hawa wawili walikutana lini?

Hawakukutana, nikasema. Samaki wangu alipotawala maji, mamba hakuwepo duniani. Baadaye samaki fulani wakaanza kutambaa matopeni, mapezi yakawa miguu, na katika uzao wao ndimo alimotoka huyo mamba wenu wa basi. "Ba Chanda, unataka kumumeza nani? Samaki ni nkambo yako, babu wa mababu! Amezaa wazazi wako wote!"

Pasta, aliyekuja kuwaombea maharusi, alisimama akikohoa. Nikamkumbusha kwamba hata katika kitabu cha Mwanzo samaki waliwatangulia watambaao. Akacheka, akakaa.

Hapa tu nitakiri: yule mwenye visu si nkambo wa mamba kabisa, ni ndugu wa nkambo. Hakuna aliyeuliza.

Na mujukulu hamwinamishi nkambo yake, huku hata mlevi anajua. Ba Chanda alinitazama, akakitazama kitenge, akacheka mpaka machozi. Kisha, na ule mwili wote, akapiga magoti kwenye vumbi na kupiga makofi polepole, vile tunavyowasalimia wakubwa. Kina Mamba wote nyuma yake wakafuata. Sisi tulirukaruka kama tumerogwa.

Mujinga akapita katikati yao, shingo wima. Bibi-arusi hatakiwi kusema siku ya kuingizwa. Kizingitini akageuka, akamshika Ba Chanda mkono, akamwambia:

"Simama, mujukulu yangu. Ingia, tukule pamoja."

Mungu wangu! Sasa nani atamnyamazisha tena? Miye sitajaribu.